Wabunge 13: hesabu ya kura iliyozika bunge la Ujerumani

Jioni ya tarehe 23 Machi 1933, ndani ya jumba la opera la Kroll mjini Berlin, wabunge 444 walisema ndiyo na 94 wakasema hapana. Kwa kura hizo Bunge la Ujerumani, Reichstag, liliikabidhi serikali ya Adolf Hitler kazi ya kutunga sheria, hata zile zinazokwenda kinyume na katiba. Walikutana kwenye jumba la opera kwa sababu jengo la bunge lilikuwa limeungua wiki tatu na ushee kabla.

Mara nyingi utasikia watu wakisema Hitler alichaguliwa na Wajerumani walio wengi. Si kweli. Wengine husema alipindua serikali kwa nguvu. Nayo si kweli: alijaribu mapinduzi mjini Munich mwaka 1923 na akaishia gerezani. Alichokifanya mwaka 1933 kinafuatika ibara kwa ibara na kura kwa kura, na nadhani kila anayejali katiba ya nchi yake anapaswa kukijua kwa undani huo. Ukiishia kwenye simulizi la mtu mmoja mwenye sauti kali, hutaona mlango ulikuwa upande gani.

Mlango ulikuwa ibara ya 48 ya katiba ya jamhuri ya Ujerumani ya mwaka 1919, iitwayo katiba ya Weimar. Ibara hiyo ilimruhusu rais, pale usalama wa umma unapovurugika vibaya, kuchukua hatua anazoona zinafaa, kutumia jeshi, na kusimamisha haki saba za raia: uhuru wa mtu kutokamatwa ovyo (ibara ya 114), usalama wa nyumba yake (115), siri ya barua na simu (117), uhuru wa maoni (118), kukusanyika (123), kuunda vyama (124) na haki ya mali (153). Breki iliyowekwa ilikuwa moja: rais alipaswa kulitaarifu bunge mara moja, na bunge likitaka amri ifutwe, inafutwa.

Kwenye karatasi breki hiyo inatosha. Tatizo lilikuwa ibara ya 25, iliyompa rais huyohuyo uwezo wa kuvunja bunge. Bunge likishavunjwa, uchaguzi ulipaswa kufanyika ndani ya siku 60, na bunge jipya kukutana ndani ya siku 30 baada ya uchaguzi. Ziunganishe ibara hizo mbili. Rais anatoa amri, bunge linaifuta, rais anavunja bunge, anaitoa amri upya, na kwa wiki nyingi hakuna wa kumzuia. Hilo halikuvumbuliwa na Hitler. Kansela (mkuu wa serikali) Heinrich Brüning na Rais Paul von Hindenburg walilifanya Julai 1930, bunge lilipokataa mpango wao wa fedha. Uchaguzi uliofuata, wa Septemba 1930, uliwapandisha Wanazi, chama cha Hitler, kutoka viti 12 hadi 107.

Tangu hapo kutawala kwa amri kukawa mazoea. Mwaka 1931 rais alitoa amri za dharura 44 wakati bunge lilipitisha sheria 34. Mwaka 1932 amri zilizidi 50 na sheria za bunge zilikuwa 5 tu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzoea nchi kuendeshwa bila bunge kabla Hitler hajapewa ofisi, na waliowazoesha walikuwa watu wenye elimu kubwa, wengine wakiamini kabisa kwamba wanaiokoa nchi kutoka kwenye mdororo wa uchumi na watu milioni sita wasio na kazi.

Kuna tukio moja la mwaka 1932 ambalo hupitwa haraka mno. Tarehe 20 Julai, Kansela Franz von Papen alitumia ibara ya 48 kuiondoa serikali ya jimbo la Prussia, iliyoongozwa na Otto Braun wa chama cha SPD (wasoshalisti wa kidemokrasia), akajifanya yeye kamishna wa jimbo. Prussia haikuwa jimbo dogo: ilikuwa na takriban asilimia 60 ya eneo na ya watu wa Ujerumani nzima, pamoja na kikosi cha polisi kikubwa kuliko vyote nchini. SPD walikwenda mahakamani badala ya kuitisha mgomo. Mtu anaweza kuwalaumu, lakini mgomo wa jumla huku mamilioni wakisubiri kazi langoni ungevunjika siku ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba miezi sita kabla ya Hitler, polisi wa Prussia walikuwa tayari wameondolewa mikononi mwa chama kikubwa kilichosimama na jamhuri.

Sasa tazama kura zenyewe. Julai 1932 Wanazi walipata asilimia 37 na viti 230 kati ya 608. Novemba mwaka huohuo wakashuka hadi asilimia 33 na viti 196 kati ya 584. Walipoteza kura kama milioni mbili ndani ya miezi minne. Chama kilikuwa na madeni na kinashuka. Aliyemwokoa Hitler ni Papen, ambaye Novemba alikuwa ameupoteza ukansela na kumwona Kurt von Schleicher akichukua nafasi yake. Tarehe 4 Januari 1933 Papen na Hitler walikutana nyumbani kwa mwenye benki Kurt von Schröder mjini Köln. Tarehe 30 Januari Hitler akaapishwa kuwa Kansela.

Katika baraza lile la kwanza, Wanazi walikuwa watatu tu. Wahafidhina walihesabu viti wakaridhika: sisi wengi, wao wachache, tumemzingira. Hawakuangalia ni viti gani. Wilhelm Frick alichukua Wizara ya Mambo ya Ndani ya taifa. Hermann Göring aliitwa waziri asiye na wizara maalumu, lakini akapewa pia kusimamia Mambo ya Ndani ya Prussia, yaani polisi wale Papen aliowanyang'anya SPD. Wizara za fedha, uchumi, mambo ya nje na jeshi zote zilibaki kwa wahafidhina, na hakuna hata moja kati ya hizo inayomwamuru askari wa doria mtaani.

Göring hakupoteza siku. Tarehe 17 Februari aliwaagiza polisi wa Prussia wawasaidie wanamgambo wa Kinazi wa SA na SS, wasisite kutumia bunduki dhidi ya wapinzani, na kwamba atawalinda watakaofyatua risasi. Tarehe 22 Februari akaandikisha polisi wasaidizi takriban 50,000, wengi wao SA na SS wenyewe, waliobaki wakitoka chama cha askari wastaafu cha Stahlhelm. Alama yao ilikuwa kitambaa cheupe mkononi, juu ya shati lilelile la kahawia. (Mashati hayo ya kwanza ya SA yalikuwa mali ya bei nafuu iliyobaki tangu vita, yaliyoshonwa kwa ajili ya wanajeshi wa Kijerumani wa makoloni ya Afrika.) Mtu aliyekuvamia mkutanoni wiki iliyopita, wiki hii ana mamlaka ya kukukamata.

Usiku wa tarehe 27 Februari jengo la bunge likaungua. Ndani alikamatwa Mholanzi kijana, Marinus van der Lubbe. Kesho yake Hindenburg akasaini amri ya rais "kwa ajili ya kulinda watu na taifa". Kwa maoni yangu hiyo ndiyo karatasi iliyoijenga dola ya Kinazi, kuliko ile sheria maarufu ya Machi. Ni fupi, ina vifungu sita tu, na vinavyobeba uzito ni viwili vya mwanzo.

Kifungu cha 1 kilisimamisha haki zote saba kwa pamoja "hadi itakapoamriwa vinginevyo". Hakuna tarehe ya mwisho iliyowekwa. Hakikutaja kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani, wala kwamba ana haki ya wakili. Amri kama hizo za miaka ya nyuma zilikuwa zimeweka kinga za aina hiyo, hii iliziacha. Ndipo likaenea neno "kizuizi cha ulinzi", Schutzhaft: polisi anakuweka ndani kwa muda asioutaja, kwa kosa asilolitaja, na hakimu hana pa kuingilia. Kambi ya Dachau, iliyofunguliwa tarehe 22 Machi, ilijazwa kwa njia hiyo.

Kifungu cha 2 kilisema kwamba jimbo lisipochukua hatua za kutosha kurejesha usalama, serikali ya taifa inaweza kuchukua madaraka yake kwa muda. Na hapa pana badiliko moja la maneno ambalo msomaji wa haraka halioni. Papen alipotangaza hali ya hatari Berlin na Brandenburg mwaka 1932, mamlaka yalikwenda kwa jeshi. Amri ya 1933 iliyapeleka kwa serikali, maana yake kwa Frick. Majenerali wakawekwa pembeni kwa sentensi moja.

Utangulizi wa amri ulisema ni ya kuzuia vitendo vya kikomunisti vya kuhatarisha taifa. Maneno hayo hayakumkinga mtu yeyote. Mahakama zilikuja kukubali kwamba hata hatari isiyo ya moja kwa moja inatosha, na amri hiyo ikatumika dhidi ya vikundi vya kanisa na dhidi ya Mashahidi wa Yehova, watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na ukomunisti.

Uchaguzi ukafanyika tarehe 5 Machi katika hali hiyo: magazeti ya mrengo wa kushoto yamefungwa, viongozi wa Chama cha Kikomunisti, KPD, wamekamatwa au wamejificha, na mwenyekiti wao Ernst Thälmann amenaswa tarehe 3. KPD yenyewe haikupigwa marufuku kabla ya kura, na sababu ni ya kihesabu: ikifutwa, wapiga kura wake wanaweza kuhamia SPD. Ikibaki kwenye karatasi ya kura, kura zao zinaingia kwenye viti ambavyo hakuna atakayevikalia. Hata hivyo Wanazi walipata asilimia 43.9. Pamoja na washirika wao wahafidhina wenye asilimia 8, walivuka nusu kwa shida. Wajerumani zaidi ya nusu hawakumpigia Hitler hata siku ile, huku polisi wasaidizi wamesimama mlangoni mwa vituo vya kura.

Viti vilikuwa 647. Wanazi 288, wahafidhina wa DNVP 52, SPD 120, KPD 81, Zentrum (chama cha Wakatoliki) 73, ndugu zake wa Bavaria, BVP, 19, na vyama vidogo jumla yao viti 14.

Kubadili katiba kulihitaji masharti mawili kwa mujibu wa ibara ya 76: theluthi mbili ya wabunge wote wawepo ukumbini, na theluthi mbili ya waliopo wakubali. Theluthi mbili ya 647 ni 432. Hiyo ndiyo akidi.

Wakomunisti 81 hawakuonekana ukumbini hata mmoja. Wa SPD, 26 hawakuweza kufika, wakiwa kizuizini au wamekimbia. Julius Leber alikamatwa siku hiyohiyo akienda bungeni. Wengine wawili hawakuhudhuria. Waliobaki walikuwa 538. Ondoa wale 94 wa SPD waliopiga kura ya hapana, tuseme wameamua kutoka nje: wanabaki 444. Akidi ni 432. Tofauti ni 12, kwa hiyo mbunge wa 13 akitoka nyuma yao, kikao kinakufa na muswada unakufa nacho. BVP peke yao walikuwa 19.

Serikali iliijua hesabu hii vizuri, ndiyo maana jambo la kwanza lililofanywa siku ile, kabla ya mjadala, lilikuwa kubadili kanuni za bunge. Kanuni mpya ilisema mbunge asiyehudhuria bila ruhusa ahesabiwe kuwa yupo. Na aliyekuwa na mamlaka ya kutoa ruhusa ni Spika, na Spika alikuwa Göring. Angeweza pia kumfungia mbunge nje hadi vikao 60, na aliyefungiwa naye anahesabiwa kuwa yupo. Vyama vya kati viliikubali kanuni hiyo. Nikisoma kumbukumbu za siku ile, hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi, kuliko kwenye kura yenyewe. Kura ya muswada ilipigwa huku SA wamejipanga kuta kwa kuta wakipiga kelele. Kanuni ya vikao ni jambo kavu, halina hata kelele nyingi, na ndilo lililoondoa silaha ya mwisho ya wachache.

Sharti la pili, theluthi mbili ya waliopiga kura, lina somo lake. Theluthi mbili ya 538 ni 359. Wanazi na DNVP walikuwa na viti 340, ukiongeza vyama vidogo 354. Walihitaji wachache tu. Maana yake ni kwamba Zentrum pekee kisingeweza kuukwamisha muswada ikiwa BVP wangesema ndiyo. Lakini laiti wale 81 na wale 26 wangekuwa vitini, theluthi mbili ingepanda, na hapana ya Zentrum ingetosha kabisa. Ukamataji wa Februari ndio uliobadili uzito wa kila kura ya Machi.

Kwa nini Zentrum walikubali? Kiongozi wao, padri Ludwig Kaas, alidai ahadi: uhuru wa mahakama, shule za Kikatoliki, heshima kwa mamlaka ya rais. Hitler alizitaja kadhaa katika hotuba yake na akaahidi kuziandika kwenye barua. Barua haikufika. Ndani ya kikao cha chama wachache, Brüning akiwemo, walipinga, kisha wakafuata wengi ili chama kisigawanyike. Theodor Heuss, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949, naye alipiga kura ya ndiyo pamoja na wenzake wanne wa chama chake kidogo.

Aliyesimama kusema hapana ni Otto Wels, mwenyekiti wa SPD. Sentensi yake moja inakumbukwa hadi leo: uhuru na uhai mnaweza kutunyang'anya, heshima hamtaweza.

Wapo wanaodai kwamba SPD wangefanya vizuri zaidi kususia. Italia ilikwisha kuijaribu njia hiyo. Baada ya mbunge Giacomo Matteotti kutekwa na kuuawa Juni 1924, wapinzani wa Mussolini walitoka bungeni wakisubiri Mfalme Vittorio Emanuele III achukue hatua. Mfalme hakufanya kitu. Novemba 1926 wabunge hao wakavuliwa viti vyao kwa kosa la kutohudhuria. Kususia huleta matunda pale tu panapokuwa na mtu mwenye mamlaka anayejali kwamba umesusia, au akidi unayoweza kuivunja.

Sheria yenyewe ya Ujerumani ilikuwa na ibara tano. Serikali inaweza kutunga sheria bila bunge. Sheria hizo zinaweza kutofautiana na katiba, ilimradi haziligusi Bunge lenyewe wala Baraza la Majimbo kama taasisi, na mamlaka ya rais yabaki. Kansela ndiye anayeziandaa na kuzitangaza, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya rais, na zinaanza kutumika siku inayofuata. Mikataba na nchi za nje haihitaji kibali cha bunge. Muda wake unaisha tarehe 1 Aprili 1937.

Tazama kinga hizo zilivyoishia. Baraza la Majimbo liliidhinisha sheria jioni ileile bila mpinzani, lakini kwa wiki mbili zilizotangulia Frick alikuwa ametumia kifungu cha 2 cha ile amri ya Februari kuweka makamishna wake katika majimbo. Bavaria ilikwenda tarehe 9 Machi, akawekwa Franz von Epp, ofisa aliyekuwa amepigana dhidi ya Waherero kule Namibia ya leo. Kwa hiyo majimbo yaliyoidhinisha yaliwakilishwa na watu wa serikali iliyoomba idhini. Tarehe 14 Februari 1934 Baraza hilo likafutwa, kwa sheria ya serikali, wakati ile sheria ya Machi ilikataza kuligusa. Rais alipofariki tarehe 2 Agosti 1934, cheo chake kiliunganishwa na cha Kansela kwa sheria iliyopitishwa siku moja kabla. Muda wa 1937 uliongezwa, ukaongezwa tena. Na amri ya tarehe 28 Februari haikufutwa hadi utawala wenyewe ulipoanguka mwaka 1945.

Walioandika katiba ya Ujerumani Magharibi mwaka 1949 walizisoma ibara hizi moja baada ya nyingine kama fundi anayekagua gari lililoua watu. Rais akabakiziwa nafasi finyu sana ya kuvunja bunge, na amri za dharura akanyang'anywa. Bunge haliwezi kumwondoa Kansela bila kumchagua mwingine papo hapo (ibara ya 67), ili wapinzani wasioafikiana wasiungane kubomoa tu. Heshima ya utu na mfumo wa majimbo haviwezi kufutwa hata kwa kura zote za bunge (79, fungu la 3). Halafu kuna fungu la 1 la ibara hiyohiyo ya 79, ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama: katiba inabadilishwa tu kwa sheria inayobadilisha wazi maneno ya katiba yenyewe. Chini ya Weimar, sheria iliyopata theluthi mbili iliweza kuipinda katiba huku maandishi yake yakibaki yalivyo. Ndiyo maana katiba ya 1919 haikufutwa rasmi kwa miaka yote 12 ya Hitler.